Kipimo cha pili cha "Yesterday": uchambuzi wa kisa cha kwaya moja ya Dodoma

Kwaya ya watu kumi na wawili, pamoja na mpiga kinanda na mpiga gitaa, iliombwa kuimba "Yesterday" ya The Beatles, bendi ya Uingereza, katika sherehe ya kumuaga mtumishi wa umma aliyekuwa anastaafu jijini Dodoma. Ombi lilitoka kwa mstaafu mwenyewe kupitia kamati ya sherehe, na lilikuja na sharti moja, kwamba wimbo uimbwe jinsi ulivyo kwenye santuri na usigeuzwe kuwa pambio. Waimbaji wote walilelewa katika kwaya za makanisa, wanasoma solfa (noti za do, re, mi) bila kubabaika, na wimbo wenyewe una dakika mbili na sekunde chache tu. Mwalimu wa kwaya alidhani kwamba ni kazi ya jioni mbili. Jioni hizo zikapita, na nyingine nyingi baada yake, wimbo ukawa umegoma, na ndipo nilipoombwa kwenda kuusikiliza katika ukumbi wanaofanyia mazoezi, maeneo ya Makole.

Nilichokisikia hakikuwa na kosa ambalo mtu angeweza kulinyooshea kidole. Sauti nne zilikaa mahali pake, maneno ya Kiingereza yalitamkwa vizuri, na kinanda kiliwafuata waimbaji kwa adabu. Hata hivyo mjumbe wa kamati, mzee ambaye ameusikia wimbo huo tangu ujana wake, alisikiliza hadi mwisho kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, maneno ndiyo yenyewe, ila wimbo siyo." Mzee huyo hajui jina la kordi hata moja (kordi ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja), lakini alikuwa sahihi, na kazi yangu ilikuwa kutafuta ni wapi hasa sikio lake lilipokwama.

Jambo la gitaa nitalimaliza haraka. Kijana anayepiga gitaa alikuwa amejifunza kwa kutazama video na kufuata vidole vya Paul McCartney, mwimbaji wa wimbo huu katika The Beatles, na vidole hivyo vinashika maumbo ya kordi za ufunguo wa G (yaani G ndiyo do), ilhali kinanda na waimbaji walikuwa katika F. McCartney alilegeza nyuzi zote za gitaa lake kwa toni nzima (hatua mbili za vitufe vya kinanda, vyeusi vikihesabiwa), kwa hiyo mkono unaoonekana kushika G unatoa sauti ya F. Kijana alipolegeza nyuzi zake vivyo hivyo, vyombo vilikaa katika ufunguo mmoja, na mlio wa nyuzi zilizolegea, ambao ni mzito na laini zaidi, uliufaa wimbo kuliko mlio mkali wa awali. Lakini hapo ndipo jambo lingine lilipojitokeza, kwa sababu katika kipimo cha pili (kipimo kimoja ni mapigo manne) gitaa na kinanda viliendelea kugombana hata baada ya kukubaliana ufunguo, na mpiga gitaa, kwa kuwa ndiye mdogo, aliambiwa afuate kinanda. Ilikuja kubainika kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kordi sahihi.

Kipimo cha kwanza cha ubeti ni kordi ya F, yaani kordi ya do, nyumbani. Kipimo cha pili kina kordi mbili, Em7 kisha A7, na cha tatu kinafika D maina (maina ni kordi yenye sauti ya huzuni). Mpiga kinanda, kama wenzake wengi wa kwaya zetu, hupiga kila wimbo katika C na kukiachia kitufe cha transpozi kazi ya kuupeleka kwenye ufunguo unaotakiwa. Mtindo huo umemtumikia vizuri, kwa sababu mapambio mengi yanatosheka na kordi ya kwanza, ya nne na ya tano, zikihesabiwa kuanzia do, pengine na ya sita wimbo unapokuwa wa huzuni. Alipofika kwenye kipimo cha pili alikutana na kordi zenye noti zisizomo katika ngazi (mpangilio wa noti) ya wimbo, akaona kuna walakini, akaweka zilizo karibu: kordi ya tano, kisha ya tatu, halafu ile ya sita aliyoizoea. Mwalimu naye, alipokuwa akiandika solfa kwa kusikiliza, aliisikia sauti ikipanda kutoka mi hadi do ya juu, akaandika kile ambacho mkono wa mwalimu yeyote wa solfa ungetangulia kuandika: m f s l t d', yaani mi, fa, so, la, ti na do ya juu. Kinanda kikalingana na solfa, solfa ikalingana na kinanda, na kila kimoja kikawa shahidi wa mwenzake.

Anachokiimba McCartney ni m fe se l t d', kisha sauti inashuka t l. Fa imepandishwa nusu toni na so imepandishwa nusu toni. Katika ufunguo wa F maana yake ni kwamba B flati imekuwa B, na C imekuwa C sharpu. Mabadiliko hayo hayakuwekwa kama pambo, maana ndizo noti mbili zinazopandishwa ngazi ya D maina inapoimbwa kwa kwenda juu, na kwa hiyo mwimbaji ameshahamia D maina kabla kordi ya D maina haijafika. Kordi mbili zilizo chini yake zinasema jambo hilohilo: Em7 ina B ndani yake, A7 ina C sharpu, na C sharpu iko nusu toni tu chini ya D, karibu kiasi kwamba sikio halitulii mpaka ipande hiyo hatua ya mwisho. Katika toleo la kwaya, C ya kawaida ilikuwa toni nzima chini ya D, haina haraka ya kwenda popote. D maina ilifika, lakini ilifika kama mgeni asiyetarajiwa na mtu, na huzuni ambayo wimbo huu unajulikana kwayo ikapotea bila noti hata moja kusikika imekosewa.

Hapa ndipo ninapoona ufundi wa watunzi wa The Beatles kwa uwazi zaidi kuliko katika nyimbo zao zenye mbwembwe nyingi. Melodia na kordi zimeshikana kiasi kwamba ukiondoa fe na se, kordi za Em7 na A7 zinabaki bila sababu ya kuwapo, na ukiondoa kordi hizo, fe na se zinasikika kama kosa la mwimbaji. Kwaya iliondoa vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo maana haikusikia mgongano wowote. McCartney amesimulia mara nyingi kwamba melodia ilimjia usingizini, katika nyumba ya mtaa wa Wimpole, London, na kwamba kwa muda mrefu aliiimba kwa maneno ya mzaha kuhusu mayai ya kuvuruga kabla hajapata maneno ya kweli. Simulizi hiyo ina uzito katika kisa hiki, kwa kuwa inaonyesha kwamba majonzi yalikuwamo katika noti wakati maneno yalikuwa bado yanazungumzia kifungua kinywa. Kwaya ilikuwa imehifadhi maneno yote na kutupa noti mbili.

Kwa watu wa Dodoma hoja hii haipaswi kuwa ngeni. Gerhard Kubik, mmoja wa watafiti walioandika kwa kina juu ya muziki wa Wagogo, ameeleza kwamba ngazi yao inatokana na mfululizo wa sauti za asili, zile zinazozaliwa na uzi au bomba moja, na kwamba sauti zinazoimbwa pamoja zinachaguliwa kwa utaratibu kutoka katika ngazi hiyohiyo. Anayemsikiliza Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyezaliwa Doduma na kufariki mwaka 2003, akiimba huku akipiga ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, anasikia jambo hilo bila kuhitaji nadharia: upatano wa sauti umefungwa katika ngazi yenyewe, na ngazi ikiguswa upatano wote unahama. Wanaume wawili wa besi katika kwaya hii wamekulia katika uimbaji huo, na sidhani kuwa ni bahati kwamba ndio waliolalamika mapema kuwa sauti ya kwanza "haisukumi".

Besi wenyewe walikuwa na kisa chao. Nilipoandika upya msitari wao kwa kufuata kordi za santuri, ulitoka hivi: d, kisha t m, l s, f s, d, l r, na mwisho f d. Hakuna noti hata moja iliyopandishwa wala kushushwa. Ugeni wote wa wimbo umebebwa na sauti ya kuongoza na sauti za kati, huku chini kukiwa na msitari ambao mwanakwaya yeyote angeuimba mara ya kwanza anapouona. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya watu wengi kuuona wimbo huu kuwa mwepesi: mguu unakanyaga ardhi inayojulikana wakati wote. Pia ndiyo sababu besi walijifunza sehemu yao upesi, na mwalimu akaamua kuanza mazoezi mapya na besi peke yao, kisha akawaongeza waimbaji wa tena (sauti ya juu ya wanaume) na wa alto wakiwa na fe na se, na soprano akaja mwisho. Tulipofika hapo, soprano hawakuhitaji kuambiwa wapandishe chochote, kwa kuwa noti za zamani zilikuwa hazina pa kukaa.

Fe inarudi tena baadaye katika ubeti, na mara hii inafanya kazi tofauti. Kipimo cha sita kina D maina na G7, na ndani ya G7 kuna B ileile. Kwa mazoea ya kwaya, G7 katika ufunguo wa F inatangaza kwamba C inakuja, na C nayo itaturudisha nyumbani. McCartney haendi C. Anakwenda B flati, kordi ya nne, na kutoka hapo anarudi F. Ukiifuata sauti moja tu ya katikati unasikia fe ikishuka kwenda fa, na fa ikishuka kwenda mi, nusu toni kwa nusu toni. Katika kipimo cha pili fe ilikuwa inapanda kuelekea maumivu, na katika cha sita inateremka kuelekea faraja. Mwendo huo wa kordi ya pili iliyofanywa meja (kinyume cha maina) kwenda ya nne si wa bahati katika mikono ya watunzi hawa, maana "Eight Days a Week" ya mwaka 1964, wimbo wa furaha kabisa, unaanza na mfuatano huohuo: D, E, G, D. Kitu kilekile kilichotumika kuchangamsha kimetumika mwaka uliofuata kufariji.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mwisho huo wa B flati kwenda F wanakwaya wanaujua kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndio mwendo wa "Amina" inayoimbwa mwishoni mwa tenzi. Katikati ya ubeti, kati ya kipimo cha nne na cha tano, wimbo tayari umefunga kwa njia ya nguvu, kordi ya tano kwenda ya kwanza. Kwa hiyo kufungwa kwa mwisho kunakuja kwa unyenyekevu, kama mtu anayekubali jambo badala ya kulitangaza. Toleo la kwaya lilikuwa limeweka kordi ya tano mahali pote pawili, kwa kuwa ndiyo njia ya uhakika ya kumaliza ubeti, na matokeo yake kila ubeti uliisha kwa kishindo cha ushindi ambacho maneno hayakukiomba.

Baada ya kordi kurekebishwa, mzee wa kamati alisema kwamba sasa wimbo umeanza kufika, ila "unasimama njiani". Sababu yake iliniwia rahisi kuiona kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuhesabu. Ubeti wa "Yesterday" una vipimo saba. Nyimbo nyingi za kizazi chake, na karibu tenzi na mapambio yote tunayoimba, zinakwenda kwa vipimo vinne, vinane au kumi na sita. Mpiga kinanda alikuwa amewasha mdundo wa kinanda unaojirudia kila baada ya vipimo vinne, na ubeti wa vipimo saba haukubaliani nao: ubeti wa kwanza unaanza mwanzo wa mzunguko, wa pili unaanzia kipimo cha nne cha mzunguko, na daraja, yaani ile sehemu ya kati yenye melodia tofauti, linaanzia cha tatu. Mapigo mazito yaliangukia mahali pasipo na maana. Mwalimu aliliona tatizo hilo mapema na kulitatua kwa njia ambayo watu wengi wangeitumia, akaongeza kipimo cha nane cha kushikilia F kila mwisho wa ubeti. Mdundo ukakaa sawa, na wimbo ukasimama njiani.

Ukiuchunguza ubeti utaona kwamba upungufu hauko mwisho, uko mwanzo. Neno la kwanza linachukua kipimo kimoja peke yake, halafu yanafuata makundi matatu ya vipimo viwiliviwili. Sikio lililozoea jozi lingetarajia neno hilo lipewe vipimo viwili, lakini kabla halijapumua, kipimo cha pili kimeshaingia na zile kordi mbili zinazovuta kwenda D maina. Huyu ni mtu anayetamka neno moja na kabla hajakaa sawa kumbukumbu imeshamchukua. Na kwa kuwa kipimo cha saba kimefika F katikati yake tu, neno la kwanza la ubeti unaofuata linaingia mara moja bila mapumziko. Kipimo cha nane alichokiongeza mwalimu kilimpa mhusika nafasi ya kutulia mara nne ndani ya dakika mbili, na mtu anayetulia kiasi hicho hana sababu ya kuimba wimbo huu.

Ushauri wangu ulikuwa kuzima mdundo kabisa. Kwenye santuri hakuna ngoma. Kati ya wanne wa The Beatles anasikika McCartney peke yake na gitaa lake, katika rekodi iliyofanyika tarehe 14 Juni 1965 kwenye studio za EMI, Abbey Road, ingawa wimbo uliandikishwa kwa jina la John Lennon, mwenzake katika bendi, na McCartney kama desturi yao ilivyokuwa, na ulitoka Agosti mwaka huo katika albamu ya Help! Siku chache baada ya rekodi, ala nne za nyuzi ziliongezwa, fidla mbili, viola na cello, kwa mpangilio ulioandikwa na George Martin, mtayarishaji wa rekodi zao, akishauriana na McCartney, ambaye hakuwa anasoma noti. Mpiga kinanda alipinga kwa hoja ya haki, kwamba ukumbi wa sherehe una kelele na bila mdundo watu wataendelea kuongea. Tulikubaliana kwamba gitaa libebe mapigo, kinanda kishike sauti ya nyuzi pekee, na mkono wa mwalimu ufanye kilichobaki.

Daraja halikutusumbua. Lina vipimo vinane vya kawaida, vinne vinavyojirudia, na linaanzia kwenye msukumo uleule wa A kwenda D maina ambao kwaya ilikuwa imeshaumudu. Besi inashuka hatua kwa hatua kutoka D hadi G kabla ya kurudi nyumbani kupitia C, na besi wetu waliuimba msitari huo kana kwamba waliandikiwa wao. Ninachotaka kukitaja ni kwamba usawa wa daraja unapata nguvu kwa sababu ya beti zisizo na jozi. Mhusika anapouliza swali lake anauliza kwa utulivu wa vipimo vinane, kisha anarudi kwenye ubeti unaomkimbiza.

Mabishano ya mwisho yalihusu noti moja ya cello. Katika daraja la pili cello inagusa E flati, yaani ti iliyoshushwa, noti yenye ladha ya bluzi, na inafahamika kwamba hiyo ilikuwa fikra ya McCartney katikati ya mpangilio wa Martin ulio nadhifu na wa kitaaluma. Mwalimu aliiona katika karatasi niliyomwandikia akaizungushia kalamu nyekundu. Kwa masikio yake ni kosa, na mbele ya wageni wanaojua solfa angeonekana yeye ndiye aliyekosea. Nilimweleza kwamba noti hiyo inaleta dokezo la mtaani katika wimbo ambao kwa nyuzi zake ungeweza kuwa wa heshima kupita kiasi, lakini sikumshinda, na kwa kweli sauti ya tena inayoimba noti hiyo peke yake bila mlio wa cello inasikika kavu. E flati ikapewa gitaa, ipigwe mara moja kwa wepesi. Ile A ya juu ambayo fidla inaishikilia katika ubeti wa mwisho ilipewa soprano mmoja aimbe kwa mdomo uliofungwa, na hiyo haikupingwa na mtu.

Siku ya sherehe wimbo uliimbwa bila mdundo, kwa vipimo saba, na soprano wawili walirudia fa ya zamani katika ubeti wa tatu, jambo ambalo nilisikia mimi na mpiga gitaa tukatazamana. Mstaafu aliomba urudiwe. Kikundi sasa kimeomba kujaribu "Penny Lane" ya mwaka 1967, na mpiga kinanda ameanza kujifunza kupiga bila kitufe cha transpozi, kwa sababu beti za wimbo huo ziko katika B, kibwagizo kinashuka hadi A, na mwishoni kibwagizo kilekile kinapandishwa na kuimbwa katika B.